Kutafsiri Kifaransa cha Mauzo ya Simu kwenda Kiingereza: Mwongozo Kamili

«Forfait 100 Go sans engagement, 12,99 €/mois pendant 12 mois puis 19,99 €/mois. Débit réduit au-delà.»

Huo ni mstari wa kawaida kabisa wa tangazo la kampuni ya simu nchini Ufaransa. Hakuna neno ndani yake linaloikosesha kamusi jibu. Hata hivyo ndio mstari unaowaumbua wafasiri, kwa sababu kila kipande chake ni ahadi ya pesa: mteja atalipa kiasi gani, kwa muda gani, na akitaka kuondoka itakuwaje. Ukikosea neno kwenye hadithi, msomaji atakunja uso na kuendelea. Ukikosea hapa, umemwahidi mtu kitu ambacho muuzaji hakukisema.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya swali moja: maneno haya ya Kifaransa yanamfunga nani? Yapo yasiyomfunga mtu, kama jina la kava au rangi ya simu. Hayo yatafsiri kwa uhuru. Yapo ya bei. Hayo yatafsiri huku umeshika kikokotoo. Na yapo ya sheria. Hayo yaguse kwa tahadhari, kwa sababu nyuma ya kila moja kuna kifungu ambacho Kiingereza cha London au New York hakina.

Ili macho yasichanganyikiwe, Kifaransa nimekiweka ndani ya alama « » na Kiingereza ndani ya alama " ".

Hatua ya kwanza: jua Kiingereza cha nani

Mteja atakwambia tu, "Tunataka Kiingereza." Mrudie kwa maandishi umuulize msomaji yuko wapi. Majibu ni matatu. Huenda ni Mwingereza aliye Uingereza, huenda ni Mmarekani, na mara nyingi zaidi ni mgeni anayeishi Ufaransa: mwanafunzi, mfanyakazi, mtu aliyehamia juzi na anataka laini ya simu. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika. Ananunua Ufaransa, kwa euro, chini ya sheria ya Ufaransa, ila anasoma Kiingereza. Ukimwandikia kana kwamba yuko Manchester, unampa haki na taratibu za nchi asiyoishi.

Tofauti za Uingereza na Marekani katika uwanja huu si za tahajia peke yake. «Opérateur» kwa Mwingereza ni "network" au "provider", kwa Mmarekani ni "carrier", na kwa mgeni wa Ufaransa "operator" linatosha kabisa. «Carte prépayée» ni "pay as you go" upande mmoja na "prepaid" upande mwingine. «Livraison offerte» ni "free delivery" au "free shipping". «Dans la limite des stocks disponibles» ni "while stocks last" Uingereza na "while supplies last" Marekani. Amua mwanzoni, andika uamuzi wako kwenye faili, usirudi nyuma katikati ya kazi.

Muulize pia kama maandishi ni tangazo, mkataba, au kitabu cha kufundishia wauzaji. Neno lilelile hupata Kiingereza tofauti katika kila moja. «Abonné» kwenye tangazo ni "customer". Kwenye mkataba ni "subscriber", na hapo hapana mjadala.

Hatua ya pili: soma yote, uyatenge maneno

Kabla ya kutafsiri sentensi ya kwanza, pitia maandishi yote hadi yale madogo ya chini kabisa. Tia rangi moja kwenye maneno ya bidhaa, nyingine kwenye bei na namba, ya tatu kwenye sheria. Ni kazi ya dakika chache, nayo hukuonyesha pale ambapo neno moja linafanya kazi mbili. Mfano mzuri ni «recharge». Juu ya ukurasa «recharge rapide» ni "fast charging", habari ya betri. Chini yake «recharge 10 €» ni "€10 top-up", habari ya salio. Mfasiri anayekwenda mstari kwa mstari, au programu inayokumbuka tafsiri zilizopita, huweza kumuuzia msomaji chaji ya betri ya euro kumi.

Hatua ya tatu: shughulikia «forfait» na ukoo wake

«Forfait» ndilo neno mama. Ni malipo yasiyobadilika kwa huduma kadhaa zilizofungwa pamoja. Kifurushi, kwa maneno mengine, ila hiki hulipiwa kila mwezi. Kiingereza cha leo husema "plan", kwa Waingereza na Wamarekani vilevile, nami huo ndio uchaguzi wangu kama mteja hana maelekezo yake. Uingereza utakuta pia "tariff", ambalo linafaa kwenye orodha za bei. "Package" ningeliachia intaneti ya nyumbani na televisheni. Na kuna "forfeit", linalofanana na «forfait» kwa sura tu: maana yake ni kupoteza haki yako kwa kosa au kwa kushindwa kutimiza jambo. Wapo waliolichapa.

«Forfait bloqué» si kifurushi kilichozuiwa. Ni kifurushi chenye kikomo: dakika au data zikiisha, huduma husimama hadi mwezi mpya au hadi mteja aongeze salio, na ankara haiwezi kupanda. Wazazi huwanunulia watoto. Andika "capped plan". Ukiandika "blocked plan" msomaji ataelewa kwamba laini imefungwa kwa sababu hajalipa.

«Hors forfait» ni matumizi yaliyo nje ya kifurushi, yanayotozwa peke yake. Wenye kampuni husema "out-of-bundle charges", na kwenye nyaraka za ndani liache hivyo. Kwa mteja wa kawaida "charges outside your plan" ni wazi zaidi. «Au-delà», lile neno dogo mwishoni mwa tangazo letu, linamaanisha baada ya kumaliza gigabaiti zako. Kifaransa huliacha lielee peke yake. Kiingereza hakipendi hivyo. Kimalizie maana: "reduced speed once you have used your 100 GB". Ni ndefu, lakini ndiyo ahadi yenyewe: intaneti haitakatika, itapungua kasi.

Sasa tufike kwenye «sans engagement». Hapa nitakaa kidogo.

Kwa miaka mingi soko la Ufaransa lilijengwa juu ya simu ya bei ndogo iliyobebwa na mkataba wa miezi 12 au 24. Mwaka 2011 kampuni kubwa zilianza kuleta majina ya bei nafuu yanayouzwa mtandaoni: Sosh ya Orange, RED ya SFR, B&You ya Bouygues Telecom. Januari 2012 Free Mobile ikaingia na vifurushi viwili tu, cha 2 € na cha 19,99 € kwa mwezi, vyote bila kumfunga mteja. Tangu hapo «sans engagement» si maelezo ya mkataba peke yake, ni kauli ya kuuzia. Tafsiri inapaswa kubeba yote mawili.

"No contract" ndiyo inayokuja kichwani kwanza, na Wamarekani huitumia sana. Tatizo ni kwamba mkataba upo. Kisichokuwapo ni muda wa chini wa kubaki. "No minimum term" ndiyo sahihi kisheria. "Cancel any time" ndiyo inayouza. Kwenye kichwa cha tangazo weka "Cancel any time", kwenye masharti weka "No minimum term". Epuka ile ya Kiingereza cha Uingereza, "30-day rolling", hata kama inasikika ya kitaalamu. Inampandikizia msomaji siku 30 kichwani, wakati sheria ya Ufaransa hairuhusu kampuni ya simu kumdai mteja wa kawaida taarifa inayozidi siku 10 kabla ya kuvunja mkataba.

Kinyume chake ni «engagement 24 mois». Mwingereza atasoma "24-month minimum term", Mmarekani "24-month commitment". "Engagement" ya Kiingereza iache kwa wachumba na wanajeshi. Miezi 24 ndiyo kikomo cha juu kwa watumiaji wa kawaida. Aliyejifunga hivyo anaweza kutoka kuanzia mwezi wa 13 kwa kulipa sehemu tu ya kilichobaki: sheria ya Januari 2008, maarufu kama loi Chatel, ilisema isizidi robo, na sheria ya Novemba 2021 ikashusha hadi moja ya tano. Ukiletewa nyaraka ya zamani yenye «quart», usiirekebishe kimyakimya. Tafsiri kilichoandikwa, kisha mwandikie mteja dokezo.

Hatua ya nne: tenganisha njia tatu za kuondoka

Kifaransa cha mauzo kina vitenzi vitatu ambapo Kiingereza cha kawaida hutosheka na "cancel". «Annuler» ni kufuta oda kabla haijatumwa. «Se rétracter» ni kutumia haki ya kisheria ya kubadili nia ndani ya siku 14. «Résilier» ni kumaliza mkataba ambao tayari unaendelea. Matokeo ya kila kimoja kwa mfuko wa mteja ni tofauti, na ukurasa mmoja wa maswali unaweza kuwa navyo vyote vitatu.

Nifanyavyo ni hivi: panapokutana viwili au zaidi, kila kimoja nakipa Kiingereza chake kisichoingiliwa. Oda ni "cancel". Siku 14 ni "withdraw". Mkataba ni "terminate". Msomaji akikutana na sentensi inayosema anaweza kufanya la pili bila kutoa sababu lakini la tatu lina gharama, haelewi vibaya. Kwenye tangazo lenye kimoja tu, legeza. "Cancel" linatosha na halitishi.

«Droit de rétractation» lina Kiingereza rasmi tayari. Haki hiyo ni ya Umoja wa Ulaya, kwenye direktivu ya 2011/83, na maandishi ya Kiingereza ya direktivu hiyo husema "right of withdrawal". Kwa msomaji aliye Ufaransa tumia hilo. Mwingereza wa kwao amezoea "right to cancel" na "cooling-off period", na unaweza kuliingiza la mwisho kama ufafanuzi katika maandishi mepesi.

Jihadhari usiiongeze haki hiyo pale isipokuwapo. Siku 14 ni kwa aliyenunua kwa mbali, mtandaoni au kwa simu, na kwa kawaida huhesabiwa tangu alipopokea bidhaa. Aliyeingia dukani kwa miguu yake, akachagua na kulipa, kwa kawaida hana haki hiyo. Duka linaweza kumpa kwa hiari, na hapo Kifaransa kitasema «satisfait ou remboursé», yaani "money-back guarantee". Hiyo ni ahadi ya muuzaji. Usiifanye sheria, na sheria usiifanye zawadi ya muuzaji.

Hatua ya tano: maneno ya kuhama mtandao

«Portabilité du numéro» au «conserver son numéro» ni "keep your number" kwenye tangazo na "number portability" kwenye mkataba. Ugumu uko kwenye «RIO», kifupi cha «relevé d'identité opérateur». Ni msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaoitambulisha laini. Mteja huupata bure kwa kupiga 3179 akitumia laini yenyewe, kisha huipa kampuni mpya, nayo ndiyo inayoshughulikia kuvunja mkataba wa zamani.

Wafasiri wengi hapa huandika "PAC code", kwa kuwa Uingereza hutumia PAC, ambayo mteja huiomba kwa kutuma ujumbe kwenda 65075. Kazi yake inafanana, lakini si kitu kilekile. Mgeni aliye Lyon akiingia dukani na kuomba PAC hatasaidiwa. Liache "RIO" kama lilivyo, ulifafanue mara ya kwanza: "your RIO, the 12-character code that identifies your line". Kanuni hiyohiyo itumie kwa «RIB», karatasi ya maelezo ya akaunti ya benki: "your bank details, the RIB". Mtu ataiomba benki kwa jina hilo.

«Désimlocker» na «débloquer» yote ni "unlock", na simu iliyoachwa huru ni "unlocked". «Justificatif de domicile» ni "proof of address". «Pièce d'identité» ni "ID", hakuna kipande popote.

Hatua ya sita: simu yenyewe na vikorokoro vyake

Sehemu hii ni nyepesi, nitaipitia mbiombio na kusimama penye mashimo.

«Portable» ni simu ya mkononi, lakini pia kompyuta mpakato. Duka linalouza vyote litakulazimisha utazame picha. «Puce» midomoni mwa watu ni kadi ya SIM, kwenye karatasi ya sifa za simu ni "chip". «Mobile nu» ni simu inayouzwa bila kifurushi: "SIM-free" au "handset only" kwa Mwingereza, "phone only" kwa Mmarekani, ya uchi haipo.

«Autonomie» ni "battery life". «Autonomie en veille» ni "standby time", na «en communication» ni "talk time". «Mémoire» peke yake ni mtego, maana wauzaji huitumia kwa nafasi ya kuhifadhi na kwa RAM pia. Ukiona 8 Go pengine ni RAM, ukiona 256 Go ni "storage", na ukiwa na shaka uliza. «Définition» ni hesabu ya vitone vya skrini, ambayo Kiingereza huiita "resolution". Kwa wanaoandika kwa uangalifu, «résolution» ya Kifaransa ni msongamano wa vitone hivyo, yaani "pixel density". Maneno yanapishana mlangoni.

«Étanche» kamusi itakupa "waterproof". Usikubali. Simu zenye alama ya IP68 hupimwa kwa kina na muda maalumu, na watengenezaji kwa Kiingereza husema "water-resistant". Tofauti hiyo imewahi kufikisha kampuni za simu mbele ya vyombo vya kulinda watumiaji, kwa hiyo si suala la ladha.

«Coque» ni "case" la kufunika mgongo, «étui à rabat» ni "folio case" au "wallet case", «verre trempé» ni "tempered glass screen protector". «Écouteurs» ni "earphones" au "earbuds", «casque» ni "headphones", «kit piéton» ni waya wenye maiki, "wired headset". «Batterie externe» ni "power bank". «Chargeur allume-cigare» ni "car charger".

Hatua ya saba: bei na namba

Hapa ndipo makosa ya gharama hutokea, na hayahitaji kipaji kuyazuia, yanahitaji subira.

Kifaransa huandika 1 299 € na 19,99 €. Kiingereza huandika €1,299 na €19.99. Alama ya euro inahama mbele, koma inakuwa nukta, nafasi inakuwa koma. Usibadilishe euro kuwa pauni au dola hata mteja akibembeleza, isipokuwa yeye mwenyewe akupe bei hizo.

«Go» na «Mo» ni "GB" na "MB", kwa kuwa Kifaransa huhesabu kwa «octet», yaani baiti. «Mbit/s» ni "Mbps", na «Mo/s» ni "MB/s". Herufi b ndogo ikigeuka kubwa, kasi imezidishwa mara nane. Na usiamrishe kompyuta ibadilishe kila «Go» kwa mkupuo bila kuwekea mipaka ya neno. Itakupa duka la programu linaloitwa GBogle Play.

«TTC» ni "incl. VAT" na «HT» ni "excl. VAT". Kodi hiyo ya ongezeko la thamani kwa simu nchini Ufaransa ni asilimia 20. Kwa msomaji wa Marekani pia liache "VAT". "Sales tax" ni kodi nyingine kabisa, na huongezwa mwishoni kwenye kaunta.

«Offert» ni "free". «1 mois offert» ni "1 month free". "Offered" humfanya msomaji asubiri kuambiwa bei. «Dès» na «à partir de» ni "from". «Remise immédiate» ni "instant discount". «Reprise» ni kutoa simu ya zamani ipunguze bei ya mpya: "trade-in".

«ODR», yaani «offre de remboursement», si punguzo la kaunta. Mteja hulipa bei nzima, hutuma maombi na vielelezo, kisha hurudishiwa sehemu baadaye. Uingereza ni "cashback", Marekani ni "rebate". Ukiandika "discount" umemfikisha mtu kaunta akiwa na pesa pungufu.

«Paiement en 4 fois sans frais» wengi huandika "interest-free". «Frais» ni pana kuliko riba, linabeba ada pia. "In 4 instalments at no extra cost" ni salama zaidi. Panapohusika mkopo utakutana na sentensi ya lazima kisheria: «Un crédit vous engage et doit être remboursé. Vérifiez vos capacités de remboursement avant de vous engager.» Itafsiri nzima, neno zito kwa neno zito: "Credit is a commitment and must be repaid. Check that you can afford the repayments before you commit." Usiifanye ya kirafiki. Kama ukurasa unalenga wanunuzi wa Ufaransa, mshauri mteja aiache na ya Kifaransa kando yake.

Jambo dogo la muda: «sous 48 h» ni "within 48 hours", si chini ya kitu chochote. «Huit jours» na «quinze jours» katika mazungumzo ni wiki moja na wiki mbili. Katika mkataba, siku nane ni siku nane.

Hatua ya nane: simu zilizotumika, na dhamana

«Occasion» ni "second-hand" au "used". «Reconditionné» ni "refurbished", na neno hili nchini Ufaransa lina ulinzi: amri ya Februari 2022 inataka simu iwe imejaribiwa kazi zake zote na kufanyiwa marekebisho inapobidi ndipo iitwe hivyo. Amri hiyohiyo inakataza simu ya namna hiyo kutangazwa kwa maneno «comme neuf», «état neuf» au «à neuf».

Tazama sasa kinachotokea. Muuzaji anaandika «parfait état», akiwa ndani ya sheria. Mfasiri anatafuta Kiingereza kinachouza, anaandika "like new". Maneno yaliyokatazwa yamerudi dukani kwa mlango wa nyuma, na safari hii yameletwa na mfasiri. Andika "excellent condition". Kwa daraja za chini, «très bon état», «bon état» na «état correct» zinakaa vizuri kama "very good", "good" na "fair". Ile ya mwisho usiiite "correct".

Dhamana ni mbili na hazichanganywi. «Garantie légale de conformité» hutoka kwenye sheria, ni miaka miwili, inamhusu muuzaji, na hailipiwi. «Garantie commerciale» hutolewa kwa hiari na duka au mtengenezaji, pengine kwa malipo, na masharti yake ni yake. Ya kwanza ni "legal guarantee of conformity". Ya pili ni "commercial guarantee", au "warranty" katika maandishi mepesi. Ukiziita zote "warranty", msomaji ataamini kwamba dhamana ya mwaka mmoja ya mtengenezaji ndiyo yote aliyonayo, na ataacha mwaka mzima wa haki yake mezani. «Extension de garantie» ni "extended warranty". «Assurance casse et vol» ni bima, "accidental damage and theft insurance", si dhamana ya aina yoyote.

«SAV» ni "after-sales service" kwenye nyaraka, lakini bango la dukani lenye «SAV» kwa mteja ni "Repairs and support".

Hatua ya tisa: lebo za lazima

«DAS» ni "SAR", kipimo cha nguvu ya mawimbi inayofyonzwa na mwili, na Ufaransa hulazimisha kionyeshwe pale simu inapouzwa. Namba zake hazihamishiki. Ulaya kikomo ni 2 W/kg kwa kichwa na kiwiliwili na 4 W/kg kwa mikono na miguu. Marekani ni 1,6 W/kg, na hupimwa kwa njia tofauti. Usimlinganishie msomaji. Si mambo ya karatasi tu: Septemba 2023 wakala wa masafa wa Ufaransa, ANFR, alisimamisha mauzo ya iPhone 12 baada ya kupima 5,74 W/kg kwa mikono na miguu.

«Indice de réparabilité», alama juu ya 10 ya wepesi wa kutengenezeka, ilianza Januari 2021: "repairability index". Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zina lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, yenye madaraja ya herufi, na kwa simu imechukua nafasi ya ile alama ya zamani. Maneno ya lebo hii usiyabuni. Sheria za Umoja wa Ulaya huchapishwa kwa lugha zote rasmi za Umoja huo kwenye EUR-Lex, tovuti yake ya sheria, na unaweza kufungua Kifaransa na Kiingereza sambamba ukurasa mmoja. Nusu ya maswali ya kisheria ya kazi hii hujibiwa hapo bila malipo.

Hatua ya kumi: maandishi madogo

Jaribu aya hii niliyoiunda kwa mazoezi:

«Offre réservée aux nouveaux clients, valable du 03/09 au 06/10 inclus pour toute souscription en ligne d'un forfait 100 Go avec engagement 24 mois. Smartphone à 1 €, prix de vente 251 €, après remise immédiate de 200 € et ODR de 50 €. Prélèvement automatique obligatoire. Dans la limite des stocks disponibles. Photo non contractuelle.»

Kwa mgeni aliye Ufaransa ningeandika:

"New customers only. Offer valid from 3 September to 6 October inclusive when you take out a 100 GB plan online with a 24-month minimum term. Smartphone for €1 after a €200 instant discount and €50 cashback. Full price €251. Payment by direct debit required. While stocks last. Image for illustration only."

Miezi nimeiandika kwa maneno. 03/09 kwa Mmarekani ni tarehe 9 Machi. Kwake pia "to 6 October inclusive" ingekuwa "through October 6", na "direct debit" ingekuwa "autopay". «Souscription» imegeuka kitenzi, "take out", kwa sababu Kiingereza cha mauzo hupenda kumsemesha mteja. Na hesabu: kaunta mteja anatoa euro 51, kisha anadai 50 zirudi. Kifaransa hakisemi 51 popote. Sikuliongeza kwenye tafsiri, kwa kuwa si langu kuliongeza, lakini ningemwandikia mteja kwamba wasomaji wa Kiingereza wataliuliza.

Kabla ya kukabidhi

Weka maandishi mawili kando kwa kando na usome namba tu, kutoka juu hadi chini, bila kusoma neno lolote. Kisha tafuta mabaki kwa mashine: «Go», «Mo», koma iliyo kabla ya tarakimu mbili za mwisho, alama ya € iliyobaki nyuma. Halafu mpe Kiingereza mtu asiyejua Kifaransa na umuulize atalipa kiasi gani siku ya kwanza, kiasi gani mwezi wa 13, na akichoka mwezi wa tano itakuwaje. Akisitasita, rudi kwenye sentensi iliyomsitisha.

Mwisho, maneno uliyoyaamua yaingize kwenye orodha yako ya istilahi, na uongeze safu mbili ambazo orodha nyingi hazina: nchi ya msomaji, na tarehe uliyohakikisha. Robo iligeuka moja ya tano, na alama ya juu ya 10 ikaipisha lebo ya herufi. Bila tarehe, orodha ya mwaka 2020 itakupa jibu kwa ujasiri uleule iliokuwa nao siku ile.